Likizo Ndefu: Mtoto Ajifunze kwa Mikono, Kisha Arudi Shule Akiwa Tayari

Kila mwaka shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, wazazi wengi hujiuliza watoto watafanya nini muda huo wote. Wengine, hasa wa mijini, hutafuta mwalimu wa kulipwa ili mtoto asiache vitabu hata siku moja. Wengine humwacha acheze mpaka Januari ifike, ndipo waanze kukimbia huku na huku wakitafuta sare na madaftari. Na wako wazazi, nao si wachache, ambao husema, "Mimi sikusoma, nitamfundisha nini mtoto aliye Gredi ya Nne?" Makala haya yameandikwa hasa kwa ajili ya hao wa mwisho, maana mzazi asiyejua kusoma ana mengi ya kumfundisha mtoto wake kuliko anavyodhani, na vifaa vyake vimo jikoni na uani.

Kuhusu yule mwalimu wa kulipwa, yafaa ijulikane kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza wanafunzi kufanyiwa mafunzo ya likizo. Nami naona katazo hilo ni jema. Mtoto aliyekaa darasani muhula baada ya muhula akiutazama ubao hapati faida kubwa kwa kuongezewa ubao mwingine; ahitaji kuyaona mambo yale yale kwa njia ya pili.

Njia hiyo ya pili si uvumbuzi wa jana. Daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, aliyezaliwa mwaka 1870, alifungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma mwezi wa Januari 1907. Wazazi wa watoto wale walishinda kazini. Badala ya kuwakalisha kimya juu ya viti, aliwapa kazi za kweli: kufagia, kumimina maji, kufunga vifungo vya nguo. Aliwapa herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa, wazipitishe kidole na kuzisikia kwa ngozi kabla ya kuziandika, na shanga za kuhesabia zilizotungwa kumikumi. Leo shule zenye kufuata mafundisho yake ziko hata Nairobi, na karo ya baadhi yake si ya mtu wa kawaida. Lakini kufagia, kumimina maji na kutunga shanga ni mambo ambayo hakuna nyumba ya Kenya isiyoyajua.

Kazi na somo si kitu kimoja

Hapa lazima tutofautishe, kwa sababu mtu aweza kusema, "Mtoto wangu hufanya kazi kwa mikono kila siku, basi amekwisha kujifunza." Sivyo. Kumtuma mtoto maji mara sita hakumfundishi ila njia ya mtoni, na mtoto anayeshinda shambani toka asubuhi hata jioni hafundishwi, atumikishwa. Kazi hugeuka kuwa somo pale mtoto anapoulizwa akisie kwanza, kisha ajaribu mwenyewe, kisha aeleze alichokiona.

Mathalani, siku ya kufua, chukua mtungi wa lita 20 na chupa ya nusu lita. Muulize mtoto, "Chupa hii itaujaza mtungi mara ngapi?" Huenda akasema kumi, au mia. Usimsahihishe. Mwache ajaze na kuhesabu, na akisahau hesabu aanze tena, au atafute hila ya kutosahau, kama vile kuweka kijiwe kimoja kwa kila chupa. Atakapofika 40 atashangaa, na mshangao huo, yaani tofauti ya alivyodhani na alivyoona, ndio utakaobaki kichwani mwake. Siku nyingine mpe chupa ya lita moja, umwulize tena. Akisema 20 kabla ya kumimina tone la maji, ujue amefahamu kugawanya, hata kama hajui jina lake.

Kosa la wazazi wengi katika jambo hili ni haraka. Mtoto akisitasita, mzazi hutoa jibu; akishika kisu vibaya, hunyang'anywa. Kumngojea mtoto ni kazi ngumu kuliko kumfanyia, na siku ya haraka usianze somo la namna hii.

Ni haraka hiyo hiyo iliyozua manung'uniko juu ya mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumika nchini kote mwezi wa Januari 2019 katika madarasa ya chini. Mtaala huo wataka mtoto atende, si kukariri tu, na kwa hiyo huleta nyumbani kazi za kutengeneza vitu. Wazazi wamelalamika kwamba wanatumwa usiku kutafuta karatasi za rangi na kuchapisha picha kwa pesa, na malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Lakini tuseme na upande wa pili. Mzazi anayekesha akimtengenezea mtoto kikapu ili apate sifa kwa mwalimu amejifunza yeye kusuka kikapu; mtoto amelala. Kikapu kilichopinda, cha majani ya mgomba, kilichosukwa na mtoto mwenyewe, chafaa zaidi, na mwalimu mwenye busara hukitambua mara moja.

Miezi ya mwaka 2020

Wengi wetu tunakumbuka jinsi tulivyolazimishwa kuwa walimu. Tarehe 15 Machi 2020 ilitangazwa kwamba shule zote zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Madarasa matatu tu, yaani Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne, yalirudi tarehe 12 Oktoba. Watoto wengine walikaa nyumbani mpaka tarehe 4 Januari 2021. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, na wenye simu za kisasa waliletewa kazi kwa simu. Lakini redio haimwoni mtoto. Haiwezi kujua kama amefahamu au amesinzia, na nyumba nyingi hazikuwa na umeme wala fedha za kununulia bando. Palipokuwa na mtu mzima wa kukaa na mtoto na kumwuliza, "Umesikia nini? Hebu nionyeshe," masomo yale yalikuwa na nguvu zaidi, awe mtu huyo amesoma au hakusoma.

Baada ya miezi hiyo baadhi ya wazazi walipendezwa na masomo ya nyumbani hata wakataka kuyaendeleza daima. Hao na waifikirie sheria niliyoitaja, ambayo humtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule bila kukosa. Tunayoyaeleza hapa ni ya kuisaidia shule, si ya kuchukua mahali pake.

Mahindi na chapati

Tuanze na wadogo, wale wa miaka minne na mitano ambao wataingia madarasa ya awali. Mtoto huyu hahitaji penseli kwanza. Ahitaji vidole vyenye nguvu na utii. Kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe na kuondoa mawe, kukanda unga, kufinyanga ng'ombe wa udongo, kufunga na kufungua vifungo vya shati: hizi zote ni kazi za vidole vitatu vile vile vitakavyoishika penseli. Aandike herufi kwa kidole juu ya mchanga au juu ya unga uliotandazwa katika sinia. Makosa ya mchangani hufutika, na mtoto asiyeogopa kukosea hujaribu mara nyingi. (Angalizo moja: watoto wadogo hupenda kutia maharagwe na shanga puani na masikioni. Usimwache peke yake navyo.)

Kwa mtoto mkubwa kidogo, vipimo vya sokoni ni shule kamili. Gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 90, na gorogoro hushika karibu kilo mbili. Je, muuzaji atapata gorogoro ngapi katika gunia moja? Zikiuzwa zote, atapata fedha ngapi? Naye aliyenunua gunia zima, kila gorogoro imemgharimu kiasi gani? Mama anayeuza nafaka hufanya hesabu hii kichwani kabla jua halijachomoza, wala hakufundishwa na kitabu. Hana budi kuisema kwa sauti mbele ya mtoto, hatua kwa hatua, kama anavyoifanya.

Sasa twende kwenye sehemu za hesabu, ambazo huwatesa watoto wengi. Mtoto akiulizwa kipi kikubwa, theluthi au robo, mara nyingi atajibu kwamba ni robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Mwalimu aweza kuandika ubaoni wiki nzima bila ya kuling'oa wazo hilo. Pika chapati mbili zilizo sawa. Ya kwanza ikatwe vipande vitatu sawasawa, ya pili vinne, na mtoto akate mwenyewe. Kisha mwambie achague kipande kimoja cha kula. Mtoto mwenye njaa hatachagua robo. Akimaliza kutafuna, mwulize kwa nini hakuichagua, naye atakuambia kwa maneno yake kwamba watu wakiwa wengi kila mmoja hupata kidogo. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, nayo amekuambia yeye.

Sarafu zenye wanyama

Mnamo Desemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilitoa sarafu mpya, ambazo zina picha za wanyama: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, na tembo kwa ishirini. Hakuna kifaa cha hesabu kizuri kuliko hicho kwa mtoto wa miaka sita au saba. Mwulize ni vifaru wangapi wanaotoshana na tembo mmoja. Mwache azipange juu ya mkeka.

Akishazoea, mfundishe kurudisha chenji kama wenye maduka wanavyofanya. Mtoto wa shule hutaka kuandika 100 kutoa 65, kisha akope kutoka kwenye makumi, na katika kukopa huko ndiko hupotea. Mwenye duka hatoi, yeye huongeza. Bei ni 65, ameshika noti ya 100. Huweka kifaru, asema sabini. Huweka simba, asema themanini. Huweka tembo, asema mia. Chenji imekwisha kutoka, shilingi 35, na hakuna kilichokopwa. Fanyeni duka la mchezo, mtoto awe muuzaji, kwa makopo matupu na vipande vya sabuni. Baada ya wiki moja mpeleke kwenye duka la kweli akanunue chumvi, nawe usimame nyuma yake ukinyamaza.

Mchezo wa bao nao usidharauliwe. Bao la Waswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mzee anayecheza chini ya mwembe hukadiria kwa jicho kete zake zitaishia shimo gani kabla hajazishika. Mtoto aanze kwa mashimo machache yaliyochimbwa ardhini, acheze na babu yake, na baada ya siku chache wote wawili watakuwa hawataki kuitwa kula.

Saa mbili katika ukuta mmoja

Liko jambo moja linalowachanganya watoto wetu ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Nyumbani husema saa moja asubuhi. Shuleni, katika somo la Kiingereza, wakati huo huo huitwa saa saba. Mtoto huona mshale mfupi uko kwenye 7, babaye asema moja, mwalimu asema saba, naye hudhani mmoja wao hajui saa. Kata duara ya kadibodi, uandike namba 12 kuizunguka, ufunge mishale miwili kwa msumari mdogo. Kisha mweleze asili ya jambo lenyewe: Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na Mzungu huanza usiku wa manane, na baina ya hesabu hizo mbili pana saa sita. Kwa hiyo kila namba ya saa ya Kiswahili imekaa kuelekeana na namba yake ya Kiingereza, ng'ambo ya pili ya duara: moja na saba, mbili na nane, tatu na tisa. Mtoto akiuona mstari huo unaopita katikati ya saa hatababaika tena.

Kusoma kwa mzazi asiyesoma

Maandishi ya Kiswahili ni mepesi kutamka, kwa kuwa kila herufi ina sauti yake na haibadiliki ovyo. Wepesi huo ni neema, lakini una hila ndani yake. Mtoto aweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, bila ya kusita, na asijue hata kidogo umesema nini. Mzazi husikia akafurahi. Basi, hapo ndipo mzazi asiyejua kusoma awezapo kuwa mkaguzi bora. Mtoto akimaliza, kifunge kitabu, useme, "Mimi sikukiona kitabu. Nisimulie." Akisimulia vema, amesoma. Akikosa la kusema, arudi mwanzo, bila matusi wala kofi.

Mpe pia sababu ya kuandika. Aandike orodha ya vitu vya kununua sokoni, naye ndiye aisome mbele ya muuzaji. Aandike barua kwa shangazi yake aliye mbali na kumweleza ng'ombe amezaa. Mtoto hutaabika sana kuandika insha ya mwalimu, kwa kuwa hakuna anayeingojea. Barua ina mtu anayeingojea. Wala usione haya kumsimulia hadithi kwa lugha ya nyumbani kwenu. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama huifikia lugha ya pili akiwa na mzigo wa maarifa, na kazi yake ni kuyapa majina mapya tu.

Mbegu na kivuli

Weka maharagwe matatu kati ya pamba iliyoloweshwa na ukuta wa bilauri, mahali penye mwanga. Mtoto atie maji kidogo kila siku na kuchora anachokiona. Baada ya siku chache mzizi utatokeza kwanza, nao utaelekea chini. Sasa ilaze bilauri ubavu. Siku mbili tatu zikipita mzizi utakuwa umejipinda kuelekea chini tena. Nani aliyeuambia chini ni wapi? Usijibu, liwe swali la kumpeleka shuleni Januari.

Kadhalika simamisheni kijiti uani penye jua, na mtoto aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli kila saa. Atagundua kwamba kivuli ni kirefu asubuhi, hufupika mchana, kisha hurefuka tena upande wa pili. Katika Desemba, kila mahali Kenya, kivuli kifupi cha mchana huelekea kaskazini, kwa sababu jua liko kusini mwetu. Mtunze kijiti hicho mpaka likizo ya katikati ya mwaka: jua likiwa kaskazini katika Juni, kivuli kitakuwa kimehamia kusini. Watoto wa Maseno na Nanyuki, ambako mstari wa ikweta unapita, wakitazama mwezi wa Machi au Septemba wataona kivuli cha adhuhuri kinakaribia kutoweka kabisa.

Wiki mbili za mwisho

Siku za sikukuu watoto hulala usiku mno na kuamka jua likiwa juu. Mtoto asirudishwe katika saa za shule kwa siku moja. Alale mapema kidogo kila siku katika wiki mbili za mwisho, ili asije akasinzia darasani wiki nzima ya kwanza, ambayo ndiyo wiki mwalimu anapoweka misingi.

Ajaribu sare na viatu mapema, si usiku wa mwisho. Watoto hukua miezi miwili kuliko tunavyoona. Penye kufupika pateremshwe pindo, penye kutoboka pashonwe, na mtoto mwenyewe ashone vifungo vyake akiwa na umri wa miaka tisa au zaidi. Jina liandikwe ndani ya kila nguo. Madaftari ya mwaka uliopita yasitupwe kabla ya kuhesabiwa kurasa zilizobaki nyeupe: mtoto azing'oe, azishone kwa uzi, na atapata daftari la kufanyia majaribio.

Tazameni macho na masikio. Mtoto anayesogeza kitabu karibu na pua, au asiyeitika akiitwa kwa nyuma, huenda akapigiwa kelele mwaka mzima kuwa ni mvivu, kumbe haoni au hasikii. Mpelekeni zahanati Desemba.

Anayeingia shule kwa mara ya kwanza ajue kutaja jina lake kamili, jina la mzazi na mahali anapokaa. Ajue kwenda chooni peke yake na kunawa. Msimtishe kwa kusema, "Ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha." Fimbo imepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001, na sheria ya 2013 imekaza katazo hilo, lakini mtoto aliyetishwa nyumbani huingia darasani akitafuta fimbo badala ya kusikiliza. Tembeeni naye njia ya shule siku moja kabla ya kufunguliwa, kwa mwendo wake yeye na si wenu, mkitazama saa, ili mjue aamke saa ngapi. Mwonyesheni mahali pa kuvukia barabara na nyumba ya mtu wa kumkimbilia mvua ikinyesha. Na cheti cha kuzaliwa kitafutwe sasa, maana huulizwa wakati wa kuandikishwa, na safu ya watu katika ofisi za usajili huwa ndefu kuliko zote shule zinapokaribia kufunguliwa.